Maswali na Majibu: Kasri la Beit el-Sahel, Kutoka Makazi Rasmi ya Sultani hadi Makumbusho

SOMO: HISTORIA
MADA NDOGO: Majengo ya urithi na mabadiliko ya utawala Zanzibar
JUMLA YA ALAMA: 100

Maelekezo kwa mtahiniwa

Soma swali, kisha funika jibu. Andika jibu lako, ndipo ulinganishe. Zingatia kitenzi cha swali: "taja" hakidai maelezo, "fafanua" hakikidhiwi kwa orodha, na "tofautisha" hudai pande zote mbili katika kila hoja. Mada hii hupimwa kwa mambo matatu: nani alikaa ndani ya jengo, nani alikuwa na mamlaka wakati huo, na jengo lilitumikaje. Mtahiniwa anayechanganya jambo la kwanza na la pili hupoteza alama katika maswali mengi ya mada hii.

SEHEMU A (Alama 16)

1. Chagua herufi ya jibu sahihi. (Alama 6)

(i) Beit el-Sahel lilitumika mfululizo kama makazi rasmi ya Sultani hadi 1964 kuanzia mwaka gani?
A. 1883 B. 1896 C. 1911 D. 1913
Jibu: C. Mwaka 1883 ni wa ujenzi wa Beit el-Ajaib, 1896 ni wa mashambulizi, na 1913 ni wa Zanzibar kuhamishiwa chini ya Wizara ya Makoloni ya Uingereza.

(ii) Kasri lipi liliharibiwa kabisa mwaka 1896 na halikujengwa tena?
A. Beit el-Sahel B. Beit el-Hukm C. Beit el-Ajaib D. Marhubi
Jibu: B. Beit el-Sahel liliharibiwa vibaya lakini lilijengwa upya. Tofauti hii hupimwa.

(iii) Beit el-Ajaib lilijengwa na Sultani yupi?
A. Seyyid Said B. Majid C. Barghash D. Khalifa bin Haroub
Jibu: C. Sultani Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 hadi 1888.

(iv) Sultani wa mwisho kuishi Beit el-Sahel alikuwa nani?
A. Abdullah bin Khalifa B. Jamshid bin Abdullah C. Khalid bin Barghash D. Ali bin Hamoud
Jibu: B. Alitawala kuanzia Julai 1963 hadi Januari 1964.

(v) Mkataba wa 1890 ambao Ujerumani iliitambua Zanzibar kuwa himaya ya Uingereza unaitwaje?
A. Mkataba wa Moresby B. Mkataba wa Hamerton C. Mkataba wa Heligoland D. Mkataba wa Frere
Jibu: C. Mikataba mingine mitatu ilihusu biashara ya watumwa. Hamerton ni 1845, Moresby ni 1822, Frere ni 1873.

(vi) Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka gani?
A. 1964 B. 1985 C. 1994 D. 2000
Jibu: D. Mwaka 1994 ni wa kasri kuwa makumbusho. Usichanganye miaka hii miwili.

2. Oanisha maelezo ya Orodha A na jina sahihi katika Orodha B. (Alama 5)

Orodha A
(i) Kamanda wa manowari za Uingereza katika mashambulizi ya Agosti 1896.
(ii) Mchora ramani wa jumba la Rezidenti wa Uingereza, Unguja.
(iii) Kasri kongwe la ukoo wa Busaidi lililoko nje ya mji.
(iv) Mtawala wa wenyeji wa Unguja aliyekuwa na kasri Dunga.
(v) Kasri lililojengwa na Sultani Barghash na kuungua mwaka 1899.

Orodha B
A. Marhubi
B. Mwinyi Mkuu
C. Lloyd Mathews
D. J. H. Sinclair
E. Beit el-Mtoni
F. Harry Rawson
G. Beit el-Hukm

Majibu: (i) F, (ii) D, (iii) E, (iv) B, (v) A.
Angalizo: Orodha B ina majina mawili ya ziada kwa makusudi. Lloyd Mathews alikuwa Waziri Mkuu wa serikali ya Sultani. Hakuongoza manowari.

3. Panga matukio yafuatayo kwa mfuatano sahihi kuanzia la kwanza hadi la mwisho. (Alama 5)

A. Kasri linafunguliwa kuwa makumbusho.
B. Manowari za Uingereza zinashambulia makasri ya Forodhani.
C. Mapinduzi ya Zanzibar.
D. Ujenzi wa Beit el-Ajaib.
E. Khalifa bin Haroub anatawazwa kuwa Sultani.

Jibu: D (1883), B (1896), E (1911), C (1964), A (1994).
Angalizo: Andika herufi tu ikiwa swali limedai herufi. Kuandika miaka si kosa, lakini mwaka usio sahihi mbele ya herufi sahihi humtia mtahini shaka.

SEHEMU B (Alama 54)

4. Eleza maana ya dhana zifuatazo. (Alama 8)

(a) Makazi rasmi
Makazi rasmi ni nyumba anayopewa kiongozi wa nchi kuishi kwa sababu ya cheo chake, si kwa sababu ni mali yake binafsi. Kiongozi akiondoka madarakani, makazi rasmi hubaki na cheo.

(b) Makao ya utawala
Makao ya utawala ni mahali ambapo maamuzi ya serikali hufanywa na kutekelezwa. Makao ya utawala na makazi rasmi yanaweza kuwa jengo moja, na yanaweza kuwa majengo mawili tofauti.

(c) Jengo la urithi
Jengo la urithi ni jengo linalohifadhiwa kwa sababu ya thamani yake ya kihistoria, kiutamaduni au kiusanifu. Umri peke yake haulifanyi jengo kuwa jengo la urithi.

(d) Himaya
Himaya ni nchi inayobaki na mtawala wake wa ndani huku mambo yake ya nje na maamuzi makubwa yakiwa chini ya dola nyingine. Zanzibar ilikuwa himaya ya Uingereza kuanzia 1890 hadi 10 Desemba 1963.

Mgawo wa alama: kila dhana alama 2, yaani alama 1 ya maana na alama 1 ya sifa inayoitofautisha na dhana nyingine.

5. Eleza asili ya kasri la Beit el-Sahel. (Alama 4)

(a) Beit el-Sahel ni kasri lililoko ukingoni mwa bahari, mbele ya Mji Mkongwe, Unguja.
(b) Kasri la kwanza lilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, wakati wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar.
(c) Kasri la kwanza lilikuwa makazi ya mjini ya Seyyid Said. Makazi yake ya shamba yalikuwa Beit el-Mtoni, kaskazini ya mji.
(d) Jengo linaloonekana leo si lile la Seyyid Said. Ni jengo lililojengwa upya baada ya mashambulizi ya 1896.

Angalizo: Hoja (d) ndiyo inayosahaulika. Mtahiniwa anayeandika kwamba jengo la leo lilijengwa na Seyyid Said hapati alama hiyo.

6. Tofautisha Beit el-Sahel, Beit el-Hukm na Beit el-Ajaib. (Alama 6)

Kwa ujenzi: Beit el-Sahel lilianza wakati wa Seyyid Said. Beit el-Ajaib lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Beit el-Hukm lilisimama kati ya makasri hayo mawili.

Kwa matumizi: Beit el-Sahel lilikuwa makazi. Beit el-Hukm lilikuwa makazi ya wanawake wa jumba la mfalme. Beit el-Ajaib lilijengwa kwa ajili ya sherehe na mapokezi ya dola.

Kwa hali baada ya 1896: Beit el-Sahel liliharibiwa vibaya na kujengwa upya. Beit el-Hukm liliangamizwa na halikujengwa tena. Beit el-Ajaib lilinusurika likiwa na uharibifu mdogo.

Mgawo wa alama: kila kigezo alama 2. Toa kigezo kwanza, kisha linganisha makasri yote matatu chini ya kigezo hicho. Kueleza kila kasri peke yake katika aya yake si kutofautisha.

Maelezo ya ziada: makasri haya matatu yaliunganishwa kwa vivuko vilivyoezekwa, vilivyowawezesha wanawake wa jumba la mfalme kupita bila kuonekana na watu wa mtaani.

7. Fafanua sababu za mashambulizi ya Uingereza dhidi ya kasri la Sultani tarehe 27 Agosti 1896. (Alama 6)

Sababu za muda mrefu:
(a) Zanzibar ilikuwa himaya ya Uingereza tangu 1890. Mamlaka ya Sultani yalikwisha kupunguzwa.
(b) Uingereza ilijipatia haki ya kuidhinisha Sultani mpya. Mrithi asiyekubaliwa na Konsuli wa Uingereza hakutambuliwa.
(c) Uingereza ilimtaka Hamoud bin Muhammed, ambaye ilimwona kuwa mtiifu kwa sera zake.

Sababu za papo kwa papo:
(d) Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896.
(e) Khalid bin Barghash aliingia kasrini siku hiyohiyo na kujitangaza Sultani bila idhini ya Uingereza.
(f) Khalid alikataa amri ya kushusha bendera na kuondoka kasrini kabla ya saa 3:00 asubuhi ya tarehe 27 Agosti.

Mgawo wa alama: hoja sita, kila hoja alama 1. Kutenganisha sababu za muda mrefu na za papo kwa papo huonyesha kwamba umefafanua, hukuorodhesha.

8. Eleza matokeo ya mashambulizi ya 1896. (Alama 5)

(a) Kasri: Beit el-Hukm liliangamizwa, Beit el-Sahel liliharibiwa vibaya, na mnara uliokuwa mbele ya Beit el-Ajaib ulibomoka. Mnara wa saa ulijengwa baadaye ukiwa sehemu ya Beit el-Ajaib lenyewe.
(b) Watu: takriban watu 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Uingereza baharia mmoja alijeruhiwa.
(c) Utawala: Hamoud bin Muhammed alitawazwa siku hiyohiyo.
(d) Khalid: alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wakampeleka uhamishoni Shelisheli na Saint Helena. Alifariki Mombasa mwaka 1927.
(e) Sheria: mwaka 1897 Sultani Hamoud alitia saini amri ya kuondoa uhalali wa utumwa Unguja na Pemba.

Angalizo: Mashambulizi yalianza saa 3:02 asubuhi na kudumu kati ya dakika 38 na 45. Swali likidai muda, andika "chini ya saa moja" au "kati ya dakika 38 na 45". Usiandike "siku moja".

9. Tofautisha makazi rasmi ya Sultani na makazi rasmi ya Rezidenti wa Uingereza katika Zanzibar ya kikoloni. (Alama 6)

(a) Mwenye nyumba: Makazi rasmi ya Sultani yalikuwa ya mtawala wa kurithi kutoka ukoo wa Busaidi. Makazi rasmi ya Rezidenti yalikuwa ya ofisa aliyeteuliwa na serikali ya Uingereza.
(b) Mahali: Makazi ya Sultani yalikuwa Beit el-Sahel, mbele ya bandari. Makazi ya Rezidenti yalikuwa upande wa Mnazi Mmoja, katika jumba lililochorwa na J. H. Sinclair mwanzoni mwa karne ya 20.
(c) Mamlaka: Sultani alibaki na hadhi, sherehe na bendera. Rezidenti alishika maamuzi ya serikali.
(d) Hatima: Makazi ya Sultani yamekuwa makumbusho. Makazi ya Rezidenti yamekuwa Ikulu ya Zanzibar.

Mgawo wa alama: hoja (a) na (b) alama 1 kila moja, hoja (c) na (d) alama 2 kila moja. Hoja (c) ndiyo kiini cha mada: aliyekaa kasrini siye aliyeshika mamlaka. Hoja (d) huithibitisha, kwa sababu nyumba iliyokuwa na mamlaka ndiyo iliyoendelea kuwa Ikulu.

Angalizo: J. H. Sinclair alikuwa mchora ramani na ofisa wa kikoloni. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa Rezidenti, kuanzia 1922 hadi 1924. Jina lake linaweza kutokea katika swali la usanifu na pia katika swali la utawala.

10. Taja masultani watatu walioishi Beit el-Sahel kati ya 1911 na 1964, na ueleze kwa ufupi kipindi cha kila mmoja. (Alama 6)

(a) Khalifa bin Haroub, 1911 hadi 1960. Alitawala kwa takriban miaka 49, muda mrefu kuliko Sultani mwingine yeyote wa Zanzibar. Kipindi chake kilipitia Vita Kuu mbili za Dunia na kuanzishwa kwa vyama vya siasa miaka ya 1950.
(b) Abdullah bin Khalifa, 1960 hadi 1963. Alitawala wakati wa mivutano ya uchaguzi iliyotangulia uhuru.
(c) Jamshid bin Abdullah, 1963 hadi 1964. Alikuwa Sultani wakati wa uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963. Aliondolewa na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na kwenda kuishi Uingereza.

Mgawo wa alama: jina alama 1, maelezo alama 1, kwa kila Sultani.

Angalizo: Khalifa bin Said (1888 hadi 1890) na Khalifa bin Haroub (1911 hadi 1960) ni watu wawili tofauti. Kuandika "Sultani Khalifa" peke yake hakutoshi. Taja jina la baba.

11. Eleza mabadiliko ya matumizi ya Beit el-Sahel baada ya Mapinduzi ya 1964. (Alama 4)

(a) Kasri lilikoma kuwa makazi rasmi ya Sultani, kwa kuwa usultani ulifutwa.
(b) Kasri lilibadilishwa jina na kuitwa Jumba la Wananchi.
(c) Kasri lilitumika kwa ofisi za serikali.
(d) Mwaka 1994 kasri liligeuzwa kuwa makumbusho ya historia ya usultani wa Zanzibar.

Angalizo: Matumizi ni matatu kwa mfuatano: makazi rasmi, ofisi, makumbusho. Mtahiniwa anayeruka kutoka makazi rasmi hadi makumbusho ameacha miaka 30 na hapati alama ya hoja (c).

12. Bainisha uhusiano wa Sayyida Salme na historia ya makasri ya Zanzibar. (Alama 5)

(a) Sayyida Salme alikuwa binti wa Seyyid Said, na alizaliwa Beit el-Mtoni mwaka 1844.
(b) Mwaka 1859 alimuunga mkono kaka yake Barghash katika jaribio lililoshindwa la kumpindua Sultani Majid.
(c) Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar. Aliolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, na kuchukua jina la Emily Ruete.
(d) Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Kitabu hicho kinaeleza maisha ya ndani ya makasri ya Mtoni na Beit el-Sahel, na ni chanzo cha maandishi kilichotoka kwa mtu aliyeishi humo.
(e) Makumbusho ya kasri yametenga chumba kwa ajili yake.

Angalizo: Salme hakuwa Sultani wala mke wa Sultani. Alikuwa binti wa Sultani mmoja na dada wa wengine.

13. Fafanua umuhimu wa Makumbusho ya Kasri kama chanzo cha historia. (Alama 4)

(a) Hutoa ushahidi wa vitu. Samani, viti vya enzi na picha za watawala huonyesha hadhi ya usultani na uhusiano wake na Bara Hindi, Uarabuni na Ulaya.
(b) Huonyesha mabadiliko ya wakati. Vyumba vya Sultani Khalifa bin Haroub vina samani za karne ya 20, tofauti na samani nzito za kuchongwa za karne ya 19.
(c) Huonyesha teknolojia ya ujenzi wa pwani: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti, na milango ya kuchongwa.
(d) Huunganisha jengo na mazingira yake. Karibu na kasri kuna makaburi ya kifalme ambako Seyyid Said amezikwa.

Upungufu unaoweza kuulizwa: makumbusho huonyesha zaidi maisha ya watawala kuliko ya watumwa, watumishi na mafundi walioyafanya maisha hayo yawezekane. Kwa hiyo chanzo hiki hukamilishwa na masimulizi ya mdomo na nyaraka.

SEHEMU C (Alama 30)

14. "Historia ya Beit el-Sahel ni historia ya mamlaka ya Zanzibar." Thibitisha kauli hii kwa hoja tano. (Alama 15)

Mgawo wa alama: utangulizi alama 3, hoja tano alama 10, hitimisho alama 2.

Utangulizi
Beit el-Sahel ni kasri la Unguja lililokuwa makazi ya masultani wa ukoo wa Busaidi, kisha ofisi za serikali, na sasa makumbusho. Mamlaka ni uwezo unaotambuliwa wa kutoa maamuzi yanayofuatwa na watu. Insha hii inathibitisha kwamba kila badiliko la mamlaka Zanzibar liliacha alama katika matumizi ya kasri hili.

Hoja ya kwanza: Kuanzishwa kwa usultani. Seyyid Said alipohamishia makao yake Zanzibar, kasri lilijengwa mbele ya bandari. Mahali hapo palimwezesha mtawala kuwa karibu na biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa, ambayo ndiyo iliyolipa gharama za utawala wake.

Hoja ya pili: Usultani kuwa himaya. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa himaya ya Uingereza. Mwaka 1896 Khalid alidhani kwamba anayelishika kasri ameishika nchi. Mizinga ya Uingereza ilibomoa kasri na dhana hiyo kwa pamoja.

Hoja ya tatu: Mgawanyo wa makazi na mamlaka. Baada ya mashambulizi, Sultani Hamoud aliishi Beit el-Ajaib. Mwaka 1911 Beit el-Ajaib likawa ofisi za serikali ya kikoloni, na Sultani akabaki na Beit el-Sahel kama makazi rasmi. Jengo kubwa zaidi lilikwenda kwa wenye mamlaka.

Hoja ya nne: Uhuru na Mapinduzi. Uhuru wa Desemba 1963 ulimwacha Sultani kasrini. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimtoa. Kubadilishwa kwa jina kuwa Jumba la Wananchi kulitangaza kwamba mwenye mamlaka si ukoo tena.

Hoja ya tano: Mamlaka kuwa historia. Kugeuzwa kuwa makumbusho mwaka 1994 kulifanyika miaka 30 baada ya Mapinduzi, wakati ambapo usultani haukuwa tena tishio kwa serikali. Kasri lililoitwa kwa jina la wananchi liliweza tena kuonyesha maisha ya masultani.

Hitimisho
Kauli ni sahihi. Kasri lilijengwa kwa mamlaka, likabomolewa kwa mamlaka, likabadilishwa jina kwa mamlaka, na likahifadhiwa kwa mamlaka. Hata hivyo, kati ya 1911 na 1964 kasri lilionyesha zaidi hadhi ya Sultani kuliko nguvu yake, na mtahiniwa bora hulisema hilo.

Angalizo: Kila hoja ina sehemu mbili: badiliko la mamlaka na badiliko la kasri. Hoja yenye sehemu moja hupata alama 1 badala ya 2.

15. Jadili changamoto nne za kuhifadhi majengo ya urithi ya Mji Mkongwe na hatua tatu zilizochukuliwa kuyahifadhi. (Alama 15)

Mgawo wa alama: utangulizi alama 1, changamoto nne alama 8, hatua tatu alama 5, hitimisho alama 1. Katika hatua, hatua mbili zenye ufafanuzi kamili hupata alama 2 kila moja, na ya tatu alama 1.

Utangulizi
Kuhifadhi jengo la urithi ni kulilinda ili lidumu bila kupoteza sifa zinazolipa thamani. Mji Mkongwe una mamia ya majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa, yakiwemo makasri ya Forodhani.

Changamoto
(a) Hali ya hewa ya pwani. Upepo wa chumvi, unyevu na mvua za masika huila chokaa na kuozesha boriti. Paa likivuja, ukuta hufuata.
(b) Malighafi na ufundi. Ukuta wa chokaa unahitaji chokaa. Ukirekebishwa kwa saruji, unyevu hunaswa ndani na jiwe huharibika. Mafundi wa chokaa ni wachache kuliko wa saruji.
(c) Gharama. Majengo makubwa hudai fedha nyingi na kwa muda mrefu. Beit el-Ajaib liliporomoka sehemu yake mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa pamoja na mnara wa saa iliporomoka wakati wa ukarabati, na mafundi wawili walipoteza maisha.
(d) Mashindano ya matumizi. Utalii huleta mapato, lakini hushawishi wamiliki kubadilisha ramani ya ndani ya nyumba ili kupata vyumba vya wageni.

Hatua
(a) Kuundwa kwa chombo maalumu. Mamlaka ya Kuhifadhi na Kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985 kusimamia ujenzi na ukarabati katika eneo la hifadhi.
(b) Kuyapa majengo kazi mpya. Beit el-Sahel liligeuzwa makumbusho mwaka 1994. Jengo lenye matumizi hupata uangalizi wa kila siku, na jengo tupu huharibika haraka.
(c) Kutambuliwa kimataifa. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hatua hii iliongeza ufuatiliaji wa UNESCO na kuvutia wafadhili. Ukarabati wa Beit el-Ajaib, kwa mfano, ulipata ufadhili wa Oman.

Hitimisho
Hatua zipo, lakini tukio la 2020 linathibitisha kwamba sheria na hadhi ya kimataifa haviwezi kuchukua nafasi ya ukarabati wa mapema.

Angalizo: Swali linadai "jadili". Mtahiniwa atoe changamoto na hatua, kisha apime kama hatua zimetosha. Upimaji huo huwekwa katika hitimisho.

MAKOSA YANAYOKATWA ALAMA

(i) Kuandika kwamba Beit el-Ajaib lilikuwa makazi rasmi ya Sultani hadi 1964. Sahihi: hadi 1911.
(ii) Kuandika kwamba Khalid bin Barghash aliuawa 1896. Sahihi: alifariki 1927.
(iii) Kuchanganya uhuru (10 Desemba 1963) na Mapinduzi (12 Januari 1964).
(iv) Kumwita Mwinyi Mkuu Sultani. Mwinyi Mkuu alikuwa mtawala wa wenyeji, na kasri lake lilikuwa Dunga.
(v) Kuandika "Waingereza walimwondoa Sultani 1890". Sahihi: 1890 walipunguza mamlaka ya Sultani, wakamwacha kasrini.
(vi) Kuandika saa kwa mtindo wa Kiingereza ndani ya sentensi ya Kiswahili. Mashambulizi yalianza saa 3:02 asubuhi, si "saa 9:02 asubuhi".
(vii) Kujibu swali la "tofautisha" kwa upande mmoja. Upande mmoja haupati alama hata ukiwa sahihi.

Zoezi la marudio: jibu swali la 9 na la 14 kwa dakika 45 bila kutazama maelezo haya. Jisahihishe kwa mgawo wa alama uliotolewa. Chini ya alama 14 kati ya 21, rudia Sehemu B kuanzia swali la 6.